Kelele Hazikufunga Bao

Ipo hadithi moja ya mpira inayozungushwa katika shule zetu kama dawa ya mganga wa njiani, na mimi nasema ni hadithi ya uongo. Si uongo wa kutunga kitu ambacho hakikutokea. Mchezo ulichezwa, tarehe yake inajulikana na mabao yake yameandikwa. Ni uongo ulio mbaya zaidi, ule wa kulichukua jambo la kweli, ukalitoa matumbo yote, ukabakiza ngozi na kuijaza majani makavu.

Wasimuliaji wake ni mabwana hawa, na siku hizi mabibi pia, waitwao wahamasishaji. Huja shuleni wiki chache kabla ya mtihani wa kidato cha nne, wamebeba vipaza sauti vyao wenyewe, hupewa chai na bahasha, na hurudi mjini kabla jua halijatua. Hadithi yao huwa hivi. Huko Australia, mwaka 1970, timu ya Carlton ilikuwa inafungwa vibaya na Collingwood katika fainali, mbele ya watu zaidi ya laki moja. Wakati wa mapumziko mwalimu wa Carlton, Ron Barassi, aliingia chumbani akanguruma. Akawaambia vijana wake kwamba wao ni washindi. Wakaamini. Wakatoka mle chumbani si watu tena bali simba, wakashinda. Hapo msimuliaji hushusha sauti, huwatazama watoto wa watu machoni, huuliza: "Na wewe, je, unaamini?" Watoto hushangilia mpaka mabati yakatikisika. Walimu nao hupiga makofi.

Mimi sipigi. Nitaeleza kwa nini, na nitaeleza kwa kuhesabu, maana nilifundisha hesabu miaka mingi kabla ya kuwa mkuu wa shule, na baadaye chuoni niliwafundisha walimu namna ya kuzifundisha.

Msomaji ambaye hajapata kuuona mchezo huo asiufikirie kuwa ni soka, wala asiufikirie kuwa ni ragi. Uwanja wake una umbo la yai, na ni mkubwa kupita wa soka kwa mbali. Kila upande una wachezaji 18. Mpira nao una umbo la yai. Mchezaji anaruhusiwa kuudaka, kukimbia nao akiudundisha chini kila baada ya hatua kadhaa, na kuupiga kwa mguu. Akitaka kumpa mwenzake kwa mkono, huushika kwa mkono mmoja na kuupiga kwa ngumi ya mkono wa pili. Kuurusha kama jiwe ni kosa. Kila mwisho wa uwanja kuna milingoti minne. Mpira uliopigwa kwa mguu ukapita kati ya ile miwili ya katikati ni bao, nalo lina pointi 6. Ukipita kati ya mlingoti wa katikati na wa nje, unaandikiwa pointi 1 tu, ambayo mimi hapa nitaiita pembeni. Mchezo una robo nne. Ukiyajua hayo, unajua ya kutosha kumkamata mwongo.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi, Septemba 26, 1970, katika uwanja mkuu wa kriketi wa Melbourne, ule ule uliotumika kwa michezo ya Olimpiki ya mwaka 1956. Waliolipa na kuingia walikuwa 121,696. Nataka idadi hiyo isipite tu kama upepo. Uwanja wetu wa Benjamin Mkapa ukijaa pomoni, siku ya Simba na Yanga, unapokea watu 60,000. Ujaze, uumwage, uujaze tena, na bado watu 1,696 watakuwa wamesimama nje ya geti. Jiji lenyewe la Melbourne wakati huo lilikuwa na watu takriban milioni mbili na nusu. Maana yake, katika kila wakazi 20, mmoja alikuwamo uwanjani alasiri ile. Hakuna fainali ya mchezo huo iliyopata kuingiza watu wengi namna hiyo, kabla wala baada, na sidhani kama itatokea, kwa kuwa siku hizi uwanja umejengwa viti na ukijaa kabisa unabeba watu laki moja na kidogo.

Kwa nini walifurika hivyo? Sababu moja ni ya kawaida kabisa. Fainali haikuwa ikionyeshwa moja kwa moja katika televisheni za Melbourne; jambo hilo lilianza mwaka 1977. Aliyetaka kuona ilimpasa aende. Sababu ya pili ni ujirani. Carlton na Collingwood ni mitaa ya jiji hilo hilo, imetenganishwa na mtaa mmoja tu uitwao Fitzroy. Collingwood ulikuwa mtaa wa viwanda, wa watu wa kiatu na bia, na klabu yake yenye jezi za milia myeupe na myeusi ilikuwa fahari ya watu wasiokuwa na fahari nyingine nyingi. Carlton, wenye jezi za buluu iliyokolea, walikuwa na chuo kikuu mlangoni mwao na wahamiaji wengi kutoka Ulaya katika vichochoro vyao. Majirani wakishindana, hakuna anayebaki nyumbani. Wanaume, wanawake, wazee, watoto wa shule, wote walikuwamo, na washabiki wa pande mbili walikaa na kusimama bega kwa bega bila uzio wa kuwatenga.

Collingwood ndiyo iliyomaliza msimu ikiwa kileleni. Tena ilianza fainali kama mwenye nyumba. Robo ya kwanza ilipokwisha Carlton haikuwa na bao hata moja. Ilikuwa na pembeni 3 tu, yaani pointi 3 kwa 32. Kufikia mapumziko Collingwood walikuwa na mabao 10 na pembeni 13, jumla pointi 73. Carlton walikuwa na mabao 4 na pembeni 5, jumla 29. Tofauti ni pointi 44.

Hapo hapo katika robo ya pili lilitokea jambo ambalo mpaka leo huonyeshwa kuliko lolote katika mchezo ule. Alex Jesaulenko wa Carlton, mzaliwa wa Salzburg aliyefika Australia utotoni pamoja na wazazi wake, aliruka akapanda mabegani mwa Graeme Jenkin wa Collingwood na kuudaka mpira juu kabisa, kama mtu anayechuma embe lililowashinda wenzake wote. Ni picha nzuri, siikatai. Lakini wahamasishaji huiweka katika hadithi yao kana kwamba ndiyo iliyowasha moto. Moto gani? Baada ya kudaka kule, timu yake ilikwenda mapumziko ikiwa nyuma kwa pointi 44. Jambo lililopendeza kuliko yote halikusaidia kitu.

Hebu tutue kidogo kwenye hizo pembeni 13, maana hapo ndipo pameficha ukweli ambao hausimuliwi. Collingwood walikuwa wamefika golini mara 23 katika nusu ya kwanza, na zaidi ya nusu ya mara hizo walikosa milingoti ya katikati. Kwa siku ile umati haukuona kasoro, kwa sababu mwenye pointi 73 dhidi ya 29 nani atamhesabia makosa? Mwalimu yeyote anamjua mwanafunzi wa namna hii: anapata 60 katika kila jaribio, anasifiwa, na hakuna anayekaa naye kuangalia zile 40 alizokosa ni zipi na kwa nini ni zile zile kila mara.

Twende sasa chumbani kwa Carlton. Barassi alinguruma? Naam, alinguruma. Alikuwa mtu wa kunguruma, hilo halina ubishi, na wachezaji wake walisimulia sana ukali wake mpaka alipofariki mwaka 2023 na baada ya hapo. Lakini kunguruma kwake ndiko kulikokuwa kwa kila siku. Alinguruma pia kabla ya mchezo kuanza, na matunda yake yakawa ni robo nzima bila bao. Kama kunguruma ndiko kulikoshinda, mbona hakukushinda saa nane mchana?

Katika mapumziko yale Barassi alifanya mambo mawili ambayo hayakuwa kelele. La kwanza, alimtoa mchezaji mmoja, Bert Thornley, na kumwingiza kijana wa akiba, Ted Hopkins. Wakati huo aliyetoka hakuruhusiwa kurudi tena, kwa hiyo haikuwa kubahatisha kwa mtu asiyejali. Alikuwa anaichoma karata yake. Hopkins alikuwa ameketi nusu nzima ya mchezo akitazama. Aliingia akafunga mabao manne. La pili, aliwaagiza wachezaji waache kuupiga mpira mrefu kwa mguu kila wanapoupata, bali waupitishe haraka kwa mkono, kwa ile ngumi niliyoieleza, mtu kwa mtu, wakikimbia mbele bila kusimama.

Msomaji wa leo atasema, na hilo ni jambo gani? Ni jambo kubwa. Kwa walimu wengi wa zamani wa mchezo ule, mpira wa mkono ulikuwa njia ya kujinasua tu, kitu unachofanya umebanwa na huna namna. Kuufanya uwe njia ya kushambulia kulikuwa kugeuza desturi. Lakini, na hapa ndipo ninapowaomba wahamasishaji wanisikilize, Barassi hakuuvumbua katika dakika zile za mapumziko. Katika klabu ya Geelong alikuwapo Graham Farmer, mchezaji mwenye asili ya wenyeji wa Australia, ambaye tangu mwaka 1962 alikuwa akiupeleka mpira kwa ngumi mbali na kwa shabaha mpaka watu wakashangaa. Huko Fitzroy, mwalimu Len Smith alikuwa akihubiri kucheza kwa haraka na kutumia mkono. Barassi naye, ambaye baba yake aliuawa vitani Tobruk mwaka 1941, alilelewa ujanani katika nyumba ya Norm Smith, ndugu yake huyo Len, na alicheza chini yake katika klabu ya Melbourne. Elimu ile ilikuwa imo ndani yake miaka mingi. Na wachezaji wa Carlton walikuwa wamekwisha kuizoea mazoezini, maana hakuna mkono wa binadamu unaojifunza jambo jipya kwa dakika ishirini huku umelowa jasho na watu laki moja wanapiga makelele nje ya ukuta. Mapumziko huweza kumkumbusha mtu alilofundishwa. Hayawezi kumfundisha.

Matokeo yalikuwa haya. Robo ya tatu Carlton walifunga mabao 8 bila pembeni hata moja. Kila walipopata nafasi waliitumia. Collingwood walipata mabao 3 na pembeni 3. Tofauti ikashuka kutoka 44 hadi 17. Robo ya nne Carlton walipata mabao 5 na pembeni 4, Collingwood bao 1 na pembeni 1. Mwisho ukawa Carlton mabao 17 na pembeni 9, pointi 111. Collingwood mabao 14 na pembeni 17, pointi 101.

Chukua kalamu, msomaji wangu. Katika robo ya tatu Carlton walifidia pointi 27. Katika robo ya nne walifidia pointi 27. Sawasawa kabisa, kama fundi anayepanga matofali. Moto wa maneno huwaka ukafifia, wote tumeuona katika mikutano ya hadhara. Huu haukufifia, kwa sababu haukuwa moto. Ilikuwa ni namna tofauti ya kufanya kazi, na namna ya kufanya kazi haichoki mapema kama hamasa.

Chukua kalamu tena. Collingwood walifika golini mara 31 siku ile, Carlton mara 26. Aliyefika mara nyingi alishindwa. Kama pembeni 2 tu katika zile 17 zingepita katikati, Collingwood wangeongeza pointi 10 na timu zingetoka sare, 111 kwa 111. Kama zingekuwa 3, bingwa angekuwa Collingwood, na Barassi angeandikwa kuwa mwalimu aliyewaka ovyo chumbani siku ya fainali. Ongeza na hili: Peter McKenna, mfungaji mkuu wa Collingwood, ambaye alifunga mabao 6 siku hiyo, aligongana vibaya na mwenzake Des Tuddenham kabla ya mapumziko, na baada ya hapo hakuwa yule yule. Hayo yote wahamasishaji huyaruka. Hayafai kwa kipaza sauti.

Na umati je? Umati ndio shahidi wangu mkuu. Watu 121,696 waliuona mchezo ule, na hakuna hata mmoja wao aliyeisikia hotuba ya Barassi. Walichokiona ni mikono. Tena fikiri: Collingwood walikuwa na mashabiki wasiohesabika, watu wanaojulikana nchi nzima kwa kupaza sauti. Kama sauti ndiyo inayoshinda, basi makoo yale maelfu kwa maelfu yangelishinda koo moja la Barassi mara elfu. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji; wala hazimnyweshi.

Nilimfahamu mtu mmoja aliyekuwamo katika umati ule. Mwaka 1986 nilipelekwa Melbourne masomoni kwa mwaka mmoja, na mzee aliyenipangisha chumba alikuwa mtu wa Collingwood tangu tumboni mwa mama yake, na alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha viatu mpaka kustaafu. Aliniambia kwamba siku ile alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Nikamwuliza ilikuwaje kelele zilipokwisha robo ya tatu. Akanijibu kwamba hazikwisha hata kidogo, ila zilihama mwenyewe. Jirani yake alikuwa na kanda ya video ya mchezo huo, nasi tulialikwa kuitazama. Mzee alikaa akatazama nusu ya kwanza yote, akicheka na kunieleza kila jambo. Mapumziko yalipofika akasimama, akasema anakwenda kumwagilia nyanya zake, na hakurudi. Ilikuwa imepita miaka kumi na sita.

Kilichomuumiza mzee yule hakikuwa kufungwa. Kilichomuumiza ni jina walilopewa baada ya kufungwa. Collingwood walikuwa mabingwa mwaka 1958. Tangu hapo walifika fainali na kushindwa mwaka 1960, 1964, 1966, 1970, 1977, 1979, 1980 na 1981. Magazeti na redio yakatunga neno la kejeli, "Colliwobbles", lenye maana ya tumbo la woga la watu wa Collingwood. Jina hilo huhesabiwa kuwa ni la Lou Richards, ambaye mwenyewe alikuwa nahodha wa Collingwood ilipotwaa ubingwa mwaka 1953 kabla hajawa mtangazaji. Yumkini alitania tu, lakini utani wa mwenye kipaza sauti huwa ni hukumu kwa wengine. Ikawa ni elimu ya kila mtu kwamba watu wa Collingwood wana moyo mwepesi, kwamba ni ugonjwa wa kurithi.

Tuupime ugonjwa huo. Mwaka 1964 walishindwa na Melbourne kwa pointi 4, na nahodha wa Melbourne alikuwa huyo huyo Barassi. Mwaka 1966 walishindwa na St Kilda kwa pointi 1. Moja! Mwaka 1970 kwa pointi 10. Mwaka 1977 walitoka sare na North Melbourne, 76 kwa 76, wakarudiana na kushindwa. Na mwalimu wa North Melbourne, utakuwa umekwisha kukisia, alikuwa Barassi. Mwaka 1979 walishindwa kwa pointi 5. Mwalimu wao wa fainali za 1964, 1966 na 1970, Bob Rose, alipoteza zote tatu kwa jumla ya pointi 15, yaani chini ya mabao matatu katika miaka saba. Nani atathubutu kusema mtu huyu hakujua kuzungumza na vijana? Sikatai kwamba mwaka 1960 na 1980 walipigwa vibaya na timu zilizowazidi. Lakini miaka ile mingine tofauti ilikuwa ni teke moja, upepo mmoja, bega moja lililoumia. Watu wakaliita hilo woga, wakawafanya watoto wa mtaa mzima wakue wakiamini kwamba wana kasoro moyoni. Iliwachukua miaka 32, hadi mwaka 1990 walipoifunga Essendon kwa pointi 48, kuliondoa jina hilo.

Hapa ndipo ugomvi wangu ulipo. Hadithi ya mshindi aliyeshinda kwa sababu aliamini ina nusu yake ya pili, na wahamasishaji hawaitamki, lakini watoto huisikia: aliyeshindwa, alishindwa kwa sababu hakuamini. Ukimpa Carlton sifa ya moyo, umempa Collingwood aibu ya moyo. Hakuna njia ya kukwepa.

Nimeliona hilo kwa macho yangu. Nilikuwa mjumbe wa bodi ya shule moja ambayo sitaitaja. Mwalimu wa hesabu wa kidato cha nne alikuwa ameondoka Machi, na hadi Septemba hakuwapo mwingine. Maabara haikuwa na kemikali za kutosha hata kwa jaribio moja kwa kila mwanafunzi. Mwezi huo huo wa Septemba zikapatikana fedha za kumleta mhamasishaji, na akaja, akasimulia Carlton na Barassi, watoto wakalia machozi ya furaha. Alipomaliza nilimfuata alipokuwa anakunywa soda, nikamwuliza kwa adabu:

"Mwanangu, hao Collingwood hadi mapumziko walikuwa wamekosa mara ngapi?"

Akacheka. "Mzee wangu, hayo ni mambo ya takwimu. Mimi nashughulika na mioyo."

Matokeo yalipotoka mwaka uliofuata, wasichana wengi walikuwa wamepata sifuri katika hesabu. Mmoja wao alikuja ofisini na mama yake kuchukua karatasi zake. Aliulizwa kilichotokea. Akasema, akiwa ameinamisha kichwa, "Sikuamini vya kutosha." Mtoto hakufundishwa hesabu miezi sita, na hilo ndilo jibu alilokuwa amejifunza. Hakusema hakuwa na mwalimu. Hakusema shule ilimdhulumu. Alijitia lawama mwenyewe moyoni, kwa sababu mtu mmoja mwenye kipaza sauti alikuwa amemfundisha kwamba kila kitu kimo moyoni. Nilipozungumza katika kikao cha bodi, niliambiwa kwamba wazee tunapinga kila jambo jipya.

Sipingi jambo jipya. Barassi alikuwa mtu wa mambo mapya, ndiyo maana alishinda. Wala sisemi maneno hayana kazi. Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri akikata tamaa, neno zuri litamsimamisha, nami nimeyasema maneno hayo mara nyingi, mengine kwa ukali. Lakini neno humsaidia aliye na kitu mkononi. Wachezaji wa Carlton walikuwa nacho. Wale watoto wa kidato cha nne walikuwa hawana, na waliokuwa na wajibu wa kuwapa walikuwa wameketi mstari wa mbele wakipiga makofi.

Kwa wakuu wa shule nina ombi. Fedha ya bahasha ile mpeni mwalimu wa shule jirani aje Jumamosi nne kupitia hesabu na watoto. Aje na madaftari yao, aangalie pembeni zao: hawa hukosa wapi, hukosa nini, je, ni kosa lile lile la wiki iliyopita? Asipige kelele hata kidogo.

Na kuhusu Ted Hopkins, yule kijana wa akiba ambaye wahamasishaji humtaja kama mtu aliyekaa benchi akiamini kwamba zamu yake itafika, yafaa watu wajue alikoelekea. Mwaka uliofuata, 1971, alicheza mchezo mmoja tu wa ligi, kisha akaacha, akiwa na michezo 29 maishani mwake. Miaka ya 1990 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni iitwayo Champion Data. Kazi ya kampuni hiyo ni kuketi pembeni ya uwanja na kuandika kila mpira: nani kaupata, kaupiga kwa mguu au kwa mkono, umemfikia nani, na walipofika golini, wamekosa mara ngapi.